Siku Tatu za Sampuli Moja: Jinsi Bakteria Wanavyokuzwa na Kutambuliwa Maabarani

Mkaazi anaamka na homa. Kichwa kinauma, tumbo halina raha, chakula hakipiti. Anaingia katika duka la dawa sokoni, anadungwa kidole, na baada ya dakika chache anapewa karatasi yenye maneno mawili: malaria na taifodi. Anauziwa vidonge vya siku tano. Wiki tatu baadaye homa inarudi, anapimwa kwingine, na karatasi ya pili inasema taifodi tena. Mara hii anaandikiwa sindano. Kuanzia Keroka hadi Ogembo, wengi wanaijua hali hii kwa sababu imewapata wao wenyewe au imempata jirani.

Katika safari hiyo yote kuna swali ambalo halikuulizwa. Je, kuna mtu yeyote aliyemwona huyo bakteria wa taifodi? Kwa kawaida jibu ni hapana. Kipimo cha haraka kinachotumika sana madukani na katika kliniki ndogo, kinachoitwa Widal, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta alama ambazo mwili huacha kwenye damu baada ya kupigana naye, au baada ya kupigana na adui mwingine anayefanana naye.

Kumtafuta bakteria mwenyewe ni kazi nyingine. Inahitaji siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Ndiyo kazi wanayofundishwa wanafunzi wa maabara katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), kampasi ya Kisii, na wale wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Kisii, kabla ya kukabidhiwa sampuli ya mgonjwa halisi. Mkaazi akijua wanachofanya, ataelewa kwa nini hospitali wakati mwingine humwambia arudi Alhamisi, na kwa nini haifai kukasirika na kukimbilia mahali penye majibu ya dakika kumi.

Chakula kwanza

Bakteria ni mdogo mno. Wale wanaoishi matumboni mwetu, waitwao E. koli, ukiwapanga 500 kwenye mstari mmoja watajaza milimita moja tu ya rula. Kumtafuta mmoja ndani ya tone la damu kwa macho, hata kwa hadubini, ni kama kutafuta mbegu moja ya wimbi katika Uwanja wa Gusii. Kwa hiyo maabara hufanya kinyume: humpa chakula na joto, humwacha azaane hadi awe mamilioni, kisha humtazama.

Chakula hicho hupikwa. Kuna mchuzi wa nyama, chumvi, maji yaliyosafishwa, na agari, unga unaotokana na mwani wa baharini ambao hugandisha mchuzi ukawa kama uji ulioganda. Agari ina tabia moja ya ajabu inayoifaa kazi hii. Huyeyuka ikikaribia nyuzi 85 za Selsiasi, lakini ikishayeyuka haigandi tena hadi ipoe kufikia karibu nyuzi 40. Maana yake ni kwamba sahani ikiwekwa kwenye joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37, chakula hubaki kigumu na bakteria hukaa pale walipowekwa.

Ujuzi huu ulitoka jikoni. Katika miaka ya 1880 huko Ujerumani, Robert Koch na wenzake walikuwa wakikuza bakteria juu ya vipande vya viazi na juu ya gelatini iliyokuwa ikiyeyuka kila joto lilipopanda. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wa Koch, ndiye aliyependekeza agari, kwa kuwa alikuwa akiitumia kugandisha vyakula vyake vitamu na aliona haiyeyuki hata siku za joto kali. Jina lake halikuandikwa kwenye ripoti za wakati huo. Koch mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, na mwaka uliofuata alikuja pande zetu, akapiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, kuchunguza ugonjwa wa malale.

Chakula kikishachanganywa lazima kichemshwe hadi kila kilicho hai ndani yake kife, la sivyo mwanafunzi atakuza bakteria wa sufuria badala ya wa mgonjwa. Hapa milima ya Gusii ina neno lake. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hewa huku ni nyepesi, maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94, wala hayafiki 100 kama ya Mombasa. Joto hilo huua viini vingi vinavyoleta magonjwa, lakini kuna bakteria wanaojifunika kwa ganda gumu na kustahimili hata maji yanayochemka. Ndiyo maana maabara hutumia otoklevu, chombo kinachofanya kazi kama sufuria ya presha ya kupikia maharagwe: mvuke hufungiwa ndani hadi joto lifike nyuzi 121, na hukaa hapo dakika 15. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya maabara za pwani na vinasema mshale usome pauni 15. Mtu wa Kisii akifuata hivyo tu, joto lake litapungua. Huku mshale unafaa kukaribia pauni 18. Mwalimu anayejua kazi huwaonyesha wanafunzi kipimajoto, si mshale peke yake.

Kwa maji ya kunywa nyumbani hakuna haja ya hofu hiyo. Viini vya taifodi, kipindupindu na kuhara damu havistahimili maji yanayochemka. Yakianza kutokota kwa nguvu, yaache dakika moja. Sehemu za juu zaidi, penye mita 2,000 na kupita, yaache dakika tatu.

Kuchora sahani

Sahani zikishaganda, mwanafunzi huandika jina la sampuli na tarehe. Huandika upande wa chini, palipo na chakula, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana mezani, na kifuniko kikibadilishana mgonjwa mmoja hupewa ugonjwa wa mwenzake.

Kisha linakuja somo ambalo wengi hulikosea mara ya kwanza. Mwanafunzi hushika waya mwembamba wenye kitanzi kwenye ncha. Huuweka kwenye moto wa kichomeo hadi uwe mwekundu, huusubiri upoe, huchota kidogo cha sampuli na kuchora mistari iliyosongamana kwenye pembe moja ya sahani. Huchoma waya tena. Huupoza. Huvuta mistari michache kutoka pembe ile ya kwanza kuelekea ya pili. Huchoma tena, huvuta hadi ya tatu, kisha ya nne.

Anayejua kupanda wimbi kwa kurusha mbegu ataelewa mara moja. Ukimwaga konzi nzima mahali pamoja, miche itasongamana na hutajua upi ni upi. Ukitawanya kidogo kidogo ukielekea mbele, mwisho wa shamba utapata mche mmoja hapa, mwingine pale, kila mmoja na nafasi yake. Kila kuchomwa kwa waya hupunguza mbegu. Kufikia pembe ya nne, bakteria wanaanguka mmoja mmoja, na kila mmoja atazaa ukoo wake peke yake. Ukoo huo ukionekana kwa macho huitwa koloni.

Makosa ni yale yale kila mwaka. Kuna asiyesubiri waya upoe. Unasikia sauti ya kuchomeka, na bakteria wote wamekufa kabla ya kuota. Kuna anayekandamiza hadi anailima agari. Kuna anayeacha kifuniko wazi akizungumza, na kesho anakuta ukungu wa kijani uliotoka hewani.

Sahani huwekwa kwenye inkubeta, kabati la joto la nyuzi 37, zikiwa zimepinduliwa. Zisipopinduliwa, mvuke huganda kwenye kifuniko na kudondoka kama mvua, na koloni zilizotenganishwa kwa taabu huchanganyika tena. Stima ikipotea usiku kucha kwenye maabara isiyo na jenereta, kazi ya siku nzima huharibika. Bakteria wa tumboni akiwa na chakula na joto la kutosha hugawanyika takriban kila dakika 20. Kwa saa nane tu, mmoja huwa zaidi ya milioni 16.

Rangi zinavyosema

Asubuhi ya siku ya pili sahani hutolewa. Kwa anayeiona mara ya kwanza inashangaza: jana ilikuwa tupu, leo ina madoa, mengine meupe kama matone ya nta, mengine ya manjano, mengine yametambaa sahani nzima kama mawimbi na kutoa harufu. Wanafunzi hukatazwa kabisa kusogeza pua kunusa. Katazo hili limetokana na watu walioumia. Bakteria wa bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe na mbuzi, huingia mwilini kwa njia ya hewa kwa urahisi sana, na wataalamu wa maabara katika nchi nyingi wameugua kwa kunusa au kufungua sahani ovyo. Kwa sababu hiyo wanafunzi huanza na bakteria wapole, na viini vya taifodi au kifua kikuu havifunguliwi kwenye meza ya kawaida ya mafunzo.

Kuna vyakula vilivyotengenezwa kwa ujanja ili viwe kama mtego. Kimoja kinachotumika kila siku huitwa MacConkey. Ndani yake mna chumvi za nyongo zinazowazuia bakteria wengi wasio wa tumboni, sukari ya maziwa, na rangi inayobadilika penye uchachu. Bakteria anayeila sukari hiyo, kama E. koli, huchachusha chakula na koloni lake huwa la waridi. Bakteria wa taifodi na wa kuhara damu hawaili. Koloni zao hubaki pauke, karibu hazina rangi. Kwa hiyo sahani ya choo cha mtu mzima mwenye afya hujaa waridi, na mtaalamu hutafuta yale madoa machache yasiyo na rangi katikati ya umati.

Doa likipatikana, haliaminiwi mara moja. Huchukuliwa peke yake, huchorwa upya kwenye sahani mpya na kurudishwa kwenye joto usiku mwingine, ili kuwe na uhakika kwamba ni ukoo mmoja tu. Hapo ndipo siku ya tatu inapotokea. Majibu yanayotolewa kutoka kwenye sahani yenye mchanganyiko ni kubahatisha.

Wakati huohuo sehemu ndogo ya koloni hupakwa kwenye kioo, hukaushwa na kupitishwa juu ya moto, kisha hutiwa rangi kwa utaratibu alioanzisha daktari wa Kidenmarki, Hans Christian Gram, alipokuwa Berlin mwaka 1884 akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Rangi ya zambarau dakika moja. Madini ya ayodini dakika moja. Kuoshwa kwa spiriti sekunde chache tu, na hapa ndipo mikono migeni hukosea, kwani ukizidisha rangi yote hutoka. Mwisho, rangi nyekundu. Walio na ukuta mnene hushikilia zambarau. Walio na ukuta mwembamba huipoteza na kuchukua waridi. Chini ya hadubini inayokuza mara 1,000 mtaalamu huona pia umbo: vijiti, viduara vilivyoungana kama shada la ndizi, au viduara vilivyojipanga kama shanga.

Kazi hii haichukui dakika kumi, na kuna siku huokoa maisha. Mtoto akiletwa na shingo iliyokakamaa na homa kali, maji ya uti wa mgongo yaliyotiwa rangi ya Gram humwambia daktari usiku huohuo ni aina gani ya bakteria aliye ndani, hata kabla sahani haijaota chochote.

Maswali kwa bakteria

Rangi na umbo hazitoshi, kwa sababu vijiti vya waridi viko vya aina nyingi. Kuanzia hapa mtaalamu humhoji bakteria kama chifu anavyomhoji mgeni kijijini: unakula nini, unatoa nini, unatembea au umekaa?

Tone la haidrojeni peroksidi likidondoshwa juu ya koloni na povu likatoka, huyo anaweza kuwa wa jamii ya stafilokoki, wale wa majipu na vidonda. Lisipotoka, huenda ni wa jamii ya streptokoki, ambao baadhi yao huleta maumivu makali ya koo. Bakteria akiwekwa kwenye mchuzi na kuongezwa dawa maalumu, pete nyekundu ikijitokeza juu huelekeza kwa E. koli. Kuna chupa ndogo ya chakula chenye sukari tatu na chuma, kilichogandishwa kwa mteremko. Bakteria wa taifodi huigeuza sehemu ya chini kuwa ya manjano, huuacha mteremko ukiwa mwekundu, na mara nyingi huacha mstari mwembamba mweusi, bila kutoa gesi ya kupasua chakula. Hakuna swali moja linalomfichua. Ni majibu yote yakiwekwa pamoja.

Mwisho bakteria huchanganywa kwenye kioo na majimaji yenye kingamwili zinazojulikana. Akigandana na kuwa chembechembe kama maziwa yaliyokatika, ametambuliwa. Tofauti na Widal inaonekana vizuri hapa. Katika hatua hii bakteria yuko mkononi na kingamwili inayojulikana ndiyo inayomtambua. Widal, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1896, hugeuza mambo: huchukua bakteria waliouawa kiwandani na kuuliza kama damu ya mgonjwa ina kingamwili za kuwagandisha. Damu inaweza kuwa nazo kwa sababu ya taifodi ya mwaka juzi. Inaweza kuwa nazo kwa sababu ya bakteria wengine wanaohusiana na wa taifodi. Hata malaria inaweza kuzichochea. Katika eneo ambalo watu wengi wamewahi kukutana na bakteria hawa, kupimwa mara moja tu na kuambiwa una taifodi kuna uzito mdogo sana, na bado kwa kipimo hicho kimoja watu wanauziwa dawa kali kila siku.

Ni haki kusema pia kwamba kuotesha damu hakunasi kila mtu. Kati ya wagonjwa 10 wenye taifodi ya kweli, kuotesha damu hunasa karibu 6. Idadi ya bakteria kwenye damu ni ndogo, na mgonjwa aliyekwisha kumeza antibiotiki kabla ya kutoa damu huwa amewaua wachache waliopo au kuwazuia kuota. Hawa ndio wanaowasumbua madaktari zaidi: bado ni wagonjwa, sahani ni tupu, na hakuna wa kuhojiwa.

Dawa ipi itamuua?

Faida kubwa ya kumkuza bakteria iko mwishoni. Akishatambuliwa, hutandazwa sahani nzima kama godoro, na juu yake hupangwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa tofauti. Sahani hurudishwa kwenye joto. Asubuhi, pale dawa inapofanya kazi, huwa kumebaki duara wazi kuzunguka karatasi, kama uwanja uliofyekwa. Mahali ambapo bakteria ni sugu, wameota hadi kwenye ukingo wa karatasi bila wasiwasi. Mwanafunzi hupima kipenyo cha duara kwa rula, kwa milimita, na kulinganisha na jedwali.

Ni kipimo rahisi kwa macho, lakini kinachoonyeshwa kinatisha. Nchini Kenya, taifodi isiyosikia dawa za zamani kama kloramfenikoli, ampisilini na ko-trimoksazoli imeripotiwa tangu miaka ya 1990. Duniani, utafiti mkubwa ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa wameshinda dawa. Serikali ya Kenya ilitoa mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kukabiliana na usugu huu kwa miaka ya 2017 hadi 2022, na kisheria antibiotiki zinafaa kuuzwa kwa cheti cha daktari. Kila mtu anayejua soko lolote la kaunti hizi mbili anajua jinsi sheria hiyo inavyofuatwa.

Usugu hautokani na mwili wa mgonjwa kuzoea dawa, kama wengi wanavyodhani. Ni bakteria wanaobadilika. Dozi ikiachwa katikati, au dawa isiyofaa ikimezwa kwa homa ya virusi, wale dhaifu hufa na wenye nguvu hubaki na nafasi yote. Wakitoka mwilini huingia chooni, na kutoka chooni huenda wanakojua wao.

Chemchemi na choo

Wanakokwenda mara nyingi ni kwenye maji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii pekee ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba. Vishamba ni vidogo. Choo cha shimo kiko juu ya mteremko, na chini yake iko ensoko, chemchemi ambayo boma kumi huchota. Maji yake ni baridi na angavu, na uangavu huo ndio unaodanganya.

Katika somo la maji, mwanafunzi hupitisha mililita 100 kwenye kichujio chenye matundu madogo kuliko bakteria, huweka kichujio juu ya chakula maalumu na kukiacha usiku kucha kwenye joto la nyuzi 44. Hamtafuti bakteria wa taifodi moja kwa moja, kwa kuwa huwa wachache na hawakai daima. Anamtafuta E. koli, mkaazi wa matumbo. Akiwapo, maji yamekutana na kinyesi, na chochote kingine kinaweza kuwapo. Kiwango cha maji ya kunywa hakiruhusu hata mmoja katika mililita 100. Chemchemi iliyojengewa, yenye mfereji wa kuzuia maji ya mvua na bomba la kutolea, huwa katika hali bora zaidi kuliko ile ya wazi inayokanyagwa na ng'ombe. Choo kinafaa kuwa angalau mita 30 kutoka kwenye chemchemi na upande wa chini yake. Kwenye robo ekari iliyogawanywa kwa ndugu wanne ushauri huu ni mgumu kuufuata, na ndiyo sababu maji ya ensoko yachemshwe au yatiwe dawa hata kama babu aliyanywa hadi akafika miaka tisini.

Kinga nyingine ipo. Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, pamoja na ile ya surua na rubela. Mzazi ambaye hana hakika kama mtoto wake aliipata aende na kitabu cha kliniki katika kituo cha afya kilicho karibu na aulize.

Bakteria si adui wote, na wanafunzi huambiwa hivyo mapema. Amabere amaruranu hayangekuwepo bila bakteria wanaochachusha maziwa, na kwenye mizizi ya maharagwe kuna wengine wanaorutubisha udongo. Wapo pia wanaoangamiza mashamba: mnyauko wa migomba, ulioingia magharibi mwa Kenya mwaka 2006, ni bakteria. Mgomba hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Mkulima hushauriwa kuipitisha panga motoni au kuiosha kwa dawa ya kuua viini kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ni waya ule ule wa maabara, ila mkubwa zaidi.

Ukiombwa sampuli

Toa sampuli kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. Kama umeshaimeza, hata kidonge kimoja, sema, na utaje jina la dawa au ubebe pakiti. Choo kiwekwe kwenye chombo unachopewa hospitalini, si kwenye mkebe wa mafuta ya kupaka wala chupa ya dawa iliyosuuzwa, kwani mabaki yake yanaweza kuua kinachotafutwa. Kisichanganyike na mkojo. Mkojo wenyewe huchukuliwa katikati: jisafishe, uache wa kwanza utoke, kinga unaofuata. Ufike maabara kabla ya saa mbili kupita, la sivyo bakteria wachache watakuwa wamezaana njiani na kuonekana wengi. Anayetoka Nyamaiya au Nyacheki asijaribu kuutoa nyumbani asubuhi na kupanda nao matatu, autoe hospitalini.

Kwa kuotesha damu, mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 kwa chupa moja. Wagonjwa wengine huona ni nyingi. Bakteria wa taifodi wanaweza kuwa mmoja tu katika mililita nzima ya damu, na damu ikiwa kidogo hukosekana. Chupa huangaliwa kila siku kwa siku tano, hata saba. Wakati huo daktari anaweza kukuanzishia dawa kwa kukisia, kisha akaibadilisha majibu yakitoka. Kubadilishiwa dawa siku ya nne ni dalili kwamba maabara imefanya kazi yake.

Majibu yakitoka, omba nakala. Utaona jina la bakteria, na chini yake orodha ya dawa zikiwa na herufi kando: S kwa inayofanya kazi, R kwa iliyoshindwa, na I kwa iliyo katikati. Iweke pamoja na kadi yako ya hospitali, na uende nayo siku nyingine utakapougua.